Fuwele Ndogo Mbele ya Mwanga: Vipimo Vinavyolinda Ini na Figo

Katika maabara inayotengeneza chembe za mng'ao, chupa tano ndogo za kioo hupangwa safu moja mbele ya taa ya urujuanimno. Taa inapowashwa, chupa ya kwanza hung'aa buluu, ya pili kijani, ya tatu manjano, ya nne rangi ya chungwa na ya tano nyekundu. Mgeni atadhani kwamba kila chupa imetiwa rangi yake. Sivyo. Chupa zote tano zina kitu kimoja, yaani fuwele za selenidi ya kadimiamu zilizotawanywa katika kimiminika, na hakuna rangi yoyote iliyoongezwa. Kinachozitofautisha ni ukubwa peke yake: fuwele za buluu zina upana wa takriban nanomita 2, na zile nyekundu takriban nanomita 6.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa takriban nanomita 7,000 hadi 8,000. Kwa hiyo fuwele zenye upana wa nanomita 4 zingeweza kupangwa zaidi ya 1,700, ubavu kwa ubavu, kutoka ukingo mmoja wa seli hiyo hadi mwingine. Wataalamu huziita nukta za kwanta. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, moja la Berkeley na jingine la Chuo Kikuu cha Indiana, yalionyesha kwamba nukta hizo zinaweza kuunganishwa na molekuli za mwili na kutumika kama alama zing'aazo katika seli. Tangu hapo, elimu ya tiba imezitazama kwa matumaini na kwa hofu. Matumaini yanatokana na mng'ao wake. Hofu inatokana na kadimiamu iliyomo ndani yake, metali ambayo ni sumu kwa figo.

Swali linalozikutanisha pande hizo mbili ni moja: itajulikanaje kwamba fuwele ndogo kiasi hicho ni nzima, na kwamba sumu iliyomo haitavuja? Sehemu kubwa ya jibu inatolewa na mwanga wenyewe.

Damu ndiyo iliyotangulia

Kuchunguza mata kwa mwanga si jambo geni katika tiba. Mwaka 1862 Felix Hoppe-Seyler, aliyekuwa akifanya kazi Tübingen nchini Ujerumani, alieleza kile kinachotokea mwanga unapopita katika myeyusho wa damu kisha ukatenganishwa rangi zake. Katika mkanda wa rangi hizo palionekana michirizi miwili ya giza, mahali ambapo damu ilikuwa imeufyonza mwanga. Mwaka 1864 George Gabriel Stokes wa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba damu inapoondolewa oksijeni, michirizi hiyo miwili hutoweka na mahali pake hutokea mchirizi mmoja mpana. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba hali ya damu inaweza kusomwa katika mwanga uliopita ndani yake.

Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni mwa mgonjwa ni mrithi wa uchunguzi huo. Ndani yake mna taa mbili ndogo: moja hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 660, na nyingine hutoa miale ya infraredi ya takriban nanomita 940. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa nayo hazifyonzi miale hiyo kwa kiwango kimoja, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa asilimia kwenye kioo cha kifaa. Muuguzi anayesoma namba 97 hajaiona damu. Amesoma kile ambacho damu imeufanyia mwanga. Hiyo ndiyo spektroskopia kwa ufupi wake.

Taa zilizomo katika kifaa hicho ni za LED, nazo zimetengenezwa kwa nusu-vipitishi, yaani mata ambazo hupitisha umeme kuliko kioo lakini si kwa wepesi wa shaba. Taa za jamii hiyo ndizo zinazotumika pia katika hadubini za mng'ao ambazo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilishauri zichukue nafasi ya hadubini za zamani za mng'ao katika uchunguzi wa kifua kikuu. Mtaalamu wa maabara anayetafuta vijidudu vya kifua kikuu vilivyotiwa rangi ya auramini anafahamu uzuri wa njia hiyo na udhaifu wake: vijidudu hung'aa dhidi ya giza, lakini rangi hufifia kadiri slaidi inavyokaa mbele ya mwanga. Nukta za kwanta zilivutia watafiti kwa sababu hudumu muda mrefu zaidi bila kufifia, na kwa sababu taa moja inaweza kuwasha rangi kadhaa kwa pamoja, kila rangi ikiashiria kitu tofauti katika sampuli ileile.

Kwa nini ukubwa hubadili rangi

Mwanga unapoingia katika nusu-kipitishi, elektroni hupokea nishati na kupanda kutoka ngazi ya chini hadi ngazi ya juu, ikiacha nyuma nafasi inayoitwa tundu. Elektroni na tundu lake huvutana na kukaa pamoja kwa umbali fulani. Katika kipande kikubwa cha selenidi ya kadimiamu umbali huo hupata nafasi ya kutosha. Katika fuwele ya nanomita chache nafasi hiyo haipo, na wawili hao hubanwa. Kadiri wanavyobanwa ndivyo nishati inayohitajika kuipandisha elektroni inavyokuwa kubwa. Na elektroni inaporejea chini, mwanga inaoutoa nao huwa na nishati kubwa zaidi, yaani huelekea buluu badala ya nyekundu.

Mpiga marimba hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Vibao vya marimba huweza kuchongwa kutoka mti mmoja, lakini kibao kifupi hulia kwa sauti ya juu na kirefu hulia kwa sauti nzito. Vivyo hivyo, mata ya fuwele ni moja, na kipimo chake ndicho kinachoamua rangi.

Mapema katika miaka ya 1980, Alexei Ekimov, akiwa Umoja wa Kisovyeti, aliliona jambo hili katika fuwele ndogo za kloridi ya shaba zilizokuwa ndani ya kioo. Mwaka 1983 Louis Brus, akiwa Marekani, aliliona katika chembe za salfidi ya kadimiamu zilizoelea katika kimiminika. Dalili waliyoikuta ilikuwa moja: fuwele zilipokuwa ndogo zaidi, mwanga uliofyonzwa ulisogea kuelekea buluu. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake walipata njia ya kutengeneza fuwele zenye ukubwa unaokaribia kulingana, na hapo ndipo zilipoanza kufaa kwa kazi nyingi. Watatu hao walishirikiana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023.

Vipimo vitatu, maswali matatu

Daktari hamhukumu mgonjwa kwa kipimo kimoja. Hupima joto, husikiliza kifua, huagiza damu ichunguzwe, kisha huyaweka majibu pamoja. Fuwele nayo hupitishwa mbele ya mwanga kwa njia zaidi ya moja, na kila njia hujibu swali lake.

Kipimo cha kwanza ni ufyonzaji. Mwanga wa rangi mbalimbali hupitishwa katika myeyusho wa fuwele, na kifaa huandika ni kiasi gani kimepotea katika kila urefu wa wimbi. Mchoro unaopatikana huwa na kilele ambacho mahali pake hutegemea ukubwa wa fuwele. Kwa selenidi ya kadimiamu, kilele kikiwa karibu na nanomita 500, fuwele zina upana wa takriban nanomita 2.3, kikiwa karibu na 550, upana ni takriban 3, kikifika 600, upana hukaribia 4.6. Kilele chembamba huonyesha kwamba fuwele zinalingana. Kilele kilichotanuka huonyesha mchanganyiko wa kubwa na ndogo.

Kipimo cha pili ni mng'ao. Hapa fuwele huwashwa kwa mwanga wa rangi moja, kisha mwanga zinaoutoa zenyewe ndio unaochambuliwa. Fuwele nzima hutoa mng'ao wa rangi moja iliyokolea, katika mkanda mwembamba. Fuwele yenye kasoro juu ya uso wake hufanya vinginevyo: elektroni hunaswa katika kasoro hizo kama maji yanavyotuama katika mashimo ya barabara, na nishati yake hupotea kama joto au hutoka kama mng'ao hafifu, mpana, ulioegemea upande wa nyekundu. Mchunguzi anayeuona uvimbe huo wa pili katika mchoro hupata ishara kwamba uso wa fuwele haujatulia.

Kipimo hiki kina mtego wake. Mng'ao hutoka kwa fuwele zinazong'aa tu. Zilizozimika hazitoi taarifa yoyote. Chupa inaweza kuonyesha mng'ao wa kupendeza ilhali sehemu kubwa ya fuwele zake zimeharibika. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa sababu hiyo mchunguzi hulinganisha mwanga uliofyonzwa na mwanga uliorejeshwa, ili ajue ni asilimia ngapi ya mwanga ulioingia imetoka tena. Asilimia hiyo ikishuka kutoka juma moja hadi jingine, kuna jambo limetokea ndani ya chupa hata kama jicho bado linafurahi.

Kipimo cha tatu kina jina la mwanafizikia wa India, C. V. Raman. Tarehe 28 Februari 1928, mjini Calcutta, Raman, akifanya kazi pamoja na K. S. Krishnan, aliona kwamba mwanga unapotawanywa na mata, sehemu ndogo mno hubadilika rangi kidogo. Mabadiliko hayo yanatokana na mitetemo ya atomi zenyewe. Atomi katika fuwele hazikai kimya. Hutetemeka kwa namna inayotegemea uzito wake na nguvu ya vifungo vinavyoziunganisha. Siku hizi mwanga wa leza hutumiwa, na kifaa husoma jinsi kila mtetemo ulivyoacha alama yake. Selenidi ya kadimiamu huacha alama karibu na 210 katika kipimo kinachohesabu mawimbi kwa kila sentimita. Salfidi ya kadimiamu huacha yake karibu na 300.

Kipimo cha Raman ndicho kinachosema zaidi kuhusu muundo wa ndani. Fuwele ya selenidi inapovikwa ganda la salfidi ya kadimiamu, mchoro huonyesha alama mbili, moja ya kiini na nyingine ya ganda. Mata hizo mbili zikiwa zimeingiliana mpakani, alama husogea au hutokea mpya kati yake. Ganda likikibana kiini, vifungo vya atomi hukazwa na alama ya kiini husogea juu kidogo. Ganda la salfidi ya zinki ni gumu zaidi kusomeka kwa njia hii, kwa kuwa alama yake huwa hafifu leza ya kawaida inapotumika. Hapo hadubini ya elektroni na miale ya eksirei huitwa kuongeza ushahidi.

Ganda, ini na figo

Ganda limetajwa mara nyingi kwa sababu ndilo lenye uzito katika suala la usalama. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza jinsi ya kukivika kiini cha selenidi ya kadimiamu ganda jembamba la salfidi ya zinki, na mng'ao ukaongezeka sana. Baadaye ilidhihirika kwamba ganda hilo lina kazi nyingine, ya kuizuia kadimiamu isitoke.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na Sangeeta Bhatia, walichapisha matokeo ya kuweka fuwele hizo pamoja na seli za ini za panya. Fuwele zisizo na ganda zilizoachwa zikutane na hewa au na miale ya urujuanimno ziliua seli. Oksijeni ilikuwa imekula uso wa fuwele na kuziachilia ioni za kadimiamu. Ganda la salfidi ya zinki lilipunguza sana madhara hayo, lakini mbele ya miale ya urujuanimno halikuyaondoa kabisa. Hapa ndipo vipimo vya mwanga vinapopata maana ya kitabibu. Fuwele inayoliwa na oksijeni hupungua ukubwa, na fuwele inayopungua husogeza kilele chake cha ufyonzaji kuelekea buluu. Hatari inaweza kutangazwa na mchoro kabla seli yoyote ya ini haijaguswa.

Hofu ya kadimiamu si ya kubuni. Katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama nchini Japani, maji yaliyochafuliwa na migodi yalimwagilia mashamba ya mpunga kwa miaka mingi. Waliokula mchele huo, hasa wanawake waliokwisha kuzaa na kuvuka umri wa hedhi, waliharibika figo na kulainika mifupa hata ikavunjika kwa urahisi. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai, maneno yanayomaanisha "inauma, inauma", na mwaka 1968 serikali ya Japani iliutambua rasmi kuwa umesababishwa na uchafuzi. Kadimiamu ikishafika katika figo hukaa: nusu ya kiasi kilichohifadhiwa humo huchukua kati ya miaka 10 na 30 kutoka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 1, la visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini fuwele zisifanywe ndogo tu ili zitoke na mkojo? Mwaka 2007 watafiti wa Boston walionyesha, kwa kutumia wanyama wa maabara, kwamba chembe zenye upana usiozidi nanomita 5.5, pamoja na molekuli na maji yanayozizunguka, huchujwa haraka na figo na kutolewa. Zilizozidi hapo hubaki mwilini kwa muda mrefu. Lakini ganda nene linaloizuia kadimiamu huiongezea fuwele upana. Kinachoilinda seli leo ndicho kinachoizuia chembe isitoke kesho. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya kuwachoma tumbili wa aina ya rhesus fuwele zenye ganda: damu yao haikuonyesha dalili za madhara, lakini baada ya siku 90 sehemu kubwa ya kadimiamu ilikuwa bado imo katika ini, wengu na figo. Ganda lilishikilia kwa siku hizo. Hakuna aliyeweza kuahidi kwa niaba ya miaka 20.

Ndiyo maana nukta za kwanta zenye kadimiamu hazijaidhinishwa kuchomwa katika mwili wa binadamu. Baadhi ya watengenezaji wamegeukia fosfidi ya indiamu isiyo na kadimiamu. Hiyo nayo haipaswi kupokewa kwa kufumba macho, kwani Shirika hilo la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Kubadili mata hakuondoi haja ya kupima.

Yanayomhusu mhudumu na mgonjwa

Kwa mgonjwa, jambo la kwanza ni kutofautisha sampuli na mwili. Damu au makohozi yanapochunguzwa kwa chembe za mng'ao katika maabara, chembe hizo hukutana na sampuli iliyokwisha kutolewa. Hazimgusi mtu aliyeitoa. Hana sababu ya kukataa kipimo cha namna hiyo kwa hofu ya kadimiamu. Kwa upande mwingine, dawa au kinywaji kinachouzwa kwa madai kwamba kina "nano" inayong'aa na kusafisha mwili kinastahili maswali: kina mata gani, kimesajiliwa na mamlaka gani ya dawa, na ni nani aliyekipima? Anayeogopa kadimiamu kwa dhati ana hatua iliyo karibu zaidi naye, nayo ni kuacha sigara, kwa sababu tumbaku huikusanya kadimiamu kutoka udongoni na moshi wake huipeleka mapafuni.

Kwa mtaalamu wa maabara, vitendanishi vyenye nukta za kwanta vihifadhiwe gizani na katika joto lililoandikwa kwenye kifungashio, kwa kuwa mwanga na hewa ndivyo vinavyoanza kuliharibu ganda. Chupa ambayo mng'ao wake umepungua au rangi yake imesogea isilazimishwe kufanya kazi kwa kuongeza kipimo. Mabadiliko hayo ni dalili. Mabaki yasimwagwe katika sinki, bali yatunzwe pamoja na taka za kemikali zenye metali nzito. Maji yanayotoka maabara yana njia yake ya kurudi shambani, kama wakulima wa Jinzu walivyojifunza kwa gharama kubwa.

Kwa daktari anayesoma habari za tiba mpya zenye chembe hizi, swali la kuuliza ni lilelile analouliza kuhusu mgonjwa: vipimo viko wapi? Picha ya seli inayong'aa haitoshi. Mchoro wa ufyonzaji kabla na baada ya kukaa katika majimaji yanayofanana na ya mwili, asilimia ya mng'ao uliorejeshwa, alama za Raman za kiini na ganda, pamoja na kiasi cha kadimiamu huru katika myeyusho, ndivyo vinavyoonyesha kama fuwele ilibaki nzima mahali ilipotarajiwa kufanya kazi.

Hoppe-Seyler aliisoma damu katika mwanga uliopita ndani yake, na leo kidole cha mtoto mchanga husomwa vivyo hivyo katika wodi, bila sindano wala maumivu. Fuwele za nanomita chache zinapitishwa njia hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo: hitilafu igunduliwe ikiwa bado ni mstari uliosogea kwenye mchoro, kabla haijawa ugonjwa katika figo ya mtu.